Wastani Haubebi Nyumba: Mazungumzo Kuhusu Uimara wa Matofali na Zege

*Ifuatayo ni matini ya mazungumzo yaliyotolewa na mhandisi wa ujenzi mbele ya wakazi wa Kata ya Segerea, katika mfululizo wa elimu kwa umma juu ya makazi salama.*



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya kuvunjika. Huenda mada hii ikaonekana ya maabara na vitabu, lakini inahusu vitu tunavyolala chini yake kila usiku: tofali, nguzo na jamvi. Nitajitahidi kuieleza kwa lugha ya kwetu, na hesabu nitakazozitumia hazitazidi zile ambazo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzihakiki kwa kikokotoo cha simu.

Tunalo deni la kumbukumbu. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lililojaa maduka na wateja liliporomoka Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Yote mawili yalitokea ndani ya Wilaya yetu ya Ilala. Sikuja kufanya kazi ya tume wala ya mahakama. Majengo huanguka kwa sababu nyingi: msingi mbovu, michoro isiyofuatwa, kuchimba chini ya nyumba iliyokwisha kujengwa, kuongeza ghorofa pasipo hesabu. Leo ninachukua sababu moja iliyo ya kawaida kuliko zote na inayozungumzwa kidogo kuliko zote, nayo ni kwamba matofali mawili yaliyotoka katika mashine moja, siku moja, kwa mkono wa fundi mmoja, hayana nguvu sawa.

Kupinda na kuvunjika

Vitu vya ujenzi vimegawanyika katika makundi mawili. Kuna vinavyotoa taarifa kabla ya kushindwa. Chukua nondo, uipinde. Itakunjika mbele ya macho yako, nawe utapata muda wa kuacha. Kundi la pili halitoi taarifa. Kioo, kigae, chungu, jiwe, tofali la saruji na zege lisilo na nondo hukaa vilevile mpaka dakika ya mwisho, kisha huachana ghafla. Leo tunazungumzia hivi vya kundi la pili.

Swali la kwanza ni hili: kwa nini huachana? Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza, Alan Arnold Griffith, aliyekuwa akifanya utafiti wa vyombo vya anga huko Farnborough, alichapisha majibu ya majaribio yake juu ya kioo. Alivuta nyuzi za kioo za unene mbalimbali hadi zikakatika. Uzi wenye unene wa takribani milimita moja ulikatika kwa nguvu ndogo. Nyuzi nyembamba kabisa, nyembamba kuliko unywele, zilistahimili karibu mara 20 ya nguvu hiyo kwa kila kipande kilekile cha eneo. Kioo kilikuwa kilekile. Griffith akaonyesha kwamba kioo cha kawaida hakivunjiki kwa udhaifu wa kioo chenyewe. Huvunjika kwa sababu ya nyufa ndogo mno zilizomo ndani na juu yake, na uzi mwembamba hauna nafasi ya kubeba ufa mkubwa.

Jambo hili mafundi wetu wanalijua kwa mikono. Fundi vioo hasukumi kioo kwa nguvu ili kukikata. Hupitisha kikato chenye ncha ya almasi, akaacha mchoro mwembamba usioonekana vizuri, kisha akabonyeza kidogo tu, nacho kikafuata mstari. Muuza vitambaa wa Kariakoo naye hutia mkasi ncha moja ukingoni, halafu huchana jora zima kwa mikono miwili. Nguvu yote iliyokuwa imetawanyika kwenye upana wa kitambaa hukusanyika kwenye ncha ya ule mchano. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Griffith aliithibitisha methali hiyo kwa vipimo, na akaongeza jambo moja: ufa unaoanzisha maangamizi waweza kuwa mdogo kiasi kwamba jicho halikuuona kamwe.

Katika tofali la saruji nyufa hizo zina sura nyingi. Huweza kuwa tundu la hewa lililobaki kwa sababu mchanganyiko haukushindiliwa. Huweza kuwa donge la udongo lililokuja na mchanga, jani, kipande cha mfuko, au sehemu ambayo saruji haikufika kwa sababu koleo lilichanganya mara mbili badala ya mara nne. Huweza kuwa ukavu wa jua la mchana lililolikausha tofali kabla saruji haijamaliza kazi yake. Kila tofali lina fungu lake la kasoro hizi, na hakuna mawili yenye fungu moja. Ndiyo maana nguvu ya tofali haiwezi kuelezwa kwa namba moja. Huelezwa kwa uwezekano: kati ya matofali 100 ya aina hii, ni mangapi yatastahimili mzigo huu?

Hesabu ya kiungo kilicho dhaifu

Mwaka 1926 mtafiti wa nyuzi za pamba huko Manchester, F. T. Peirce, aliona kwamba uzi mrefu hukatika kwa mzigo mdogo kuliko uzi mfupi wa pamba hiyohiyo. Akafafanua kuwa uzi ni kama mnyororo: hukatika pale palipo dhaifu kuliko pote, na uzi ukizidi kuwa mrefu, ndivyo uwezekano wa kukutana na mahali dhaifu zaidi unavyoongezeka. Mwaka 1939 mhandisi wa Sweden, Waloddi Weibull, akalipa wazo hilo umbo kamili la kihesabu kwa ajili ya vitu vyote vinavyovunjika ghafla. Mwaka 1951 alichapisha makala nyingine akionyesha kwamba kanuni yake inaweza kueleza mambo mengi yanayotofautiana, kuanzia nguvu ya chuma hadi ukubwa wa punje za maharage. Hadi leo, anayetengeneza vyombo vya kauri, vioo vya magari au meno ya bandia hutumia kanuni ya Weibull.

Kanuni hiyo ina namba mbili ambazo mwananchi anapaswa kuzifahamu. Ya kwanza inaeleza ukubwa wa nguvu: bidhaa hii kwa kawaida hubeba kiasi gani. Ya pili inaeleza ulinganifu: bidhaa hizi zinafanana kwa kiasi gani. Namba ya pili ikiwa kubwa, matofali yote yanakaribiana kwa nguvu. Ikiwa ndogo, yametawanyika, lipo la chuma na lipo la biskuti. Tunaponunua, sote huuliza juu ya namba ya kwanza na kuisahau ya pili, ilhali ya pili ndiyo inayoua.

Nitatoa mfano wa hesabu tupu, wala simlengi mfanyabiashara yeyote. Chukulia wafyatuaji wawili. Matofali ya yule wa kwanza yana wastani wa nguvu wa nyutoni 10 kwa kila milimita ya mraba, lakini yametawanyika sana, namba yake ya ulinganifu ikiwa 3. Ya yule wa pili yana wastani wa 9 tu, lakini yanafanana, namba yake ya ulinganifu ikiwa 12. Sasa weka kiwango cha chini kiwe 7. Kwa kanuni ya Weibull, matofali 22 katika kila 100 ya mfyatuaji wa kwanza yatakuwa chini ya kiwango. Ya mfyatuaji wa pili yatakuwa 3 tu katika kila 100. Yule mwenye wastani mkubwa ndiye mwenye matofali mabovu mengi zaidi. Ukimchagua kwa sababu ya wastani wake, umenunua hatari mara 7.

Hiyo namba 7 sikuiokota hewani. Mwaka 2013 Sabai na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa hapa Tanzania juu ya kutumia kifusi cha majengo yaliyobomolewa kutengenezea matofali. Walikisaga kifusi, wakakichekecha, wakafyatua matofali kwa mashine ya mkono, wakayatunza kwa maji kwa siku 28, kisha wakayapima. Kiwango cha chini walichokitumia kwa tofali la kubeba mzigo nchini ni nyutoni 7 kwa milimita ya mraba. Kwa tofali lenye urefu wa milimita 450 na unene wa milimita 150, maana yake ni kustahimili takribani tani 48 kabla ya kupondeka. Matokeo yao yalikuwa kwamba asilimia 85 ya matofali ya kifusi yaliyopimwa yalifikia kiwango hicho.

Watafiti walikuwa sahihi kuyaita matokeo hayo ya kutia moyo. Kifusi kinachotupwa mabondeni kinaweza kugeuka mali. Lakini nataka tuitazame asilimia hiyo 85 kwa jicho la mtu anayejenga. Mwanafunzi akipata alama 85 tunampongeza. Ukuta je? Chukua matofali 10 bila kuchagua kutoka rundo ambalo asilimia 85 ni mazuri, uyapange moja juu ya jingine. Uwezekano kwamba yote 10 yamefikia kiwango ni 0.85 ikizidishwa kwa yenyewe mara kumi. Jibu ni karibu asilimia 20. Yaani katika nguzo 5 za namna hiyo, ni moja tu isiyo na tofali dhaifu ndani yake. Hata rundo bora, lenye matofali mazuri 99 katika kila 100, likitoa matofali 100 kwa ajili ya ukuta mmoja, uwezekano wa kutokuwemo hata moja bovu ni asilimia 37 tu.

Kamba ya mkonge

Ni haki niseme upande wa pili, nisije nikawatia hofu isiyo na msingi mkaenda kulala nje. Tofali lililo chini ya kiwango si tofali lisilo na nguvu kabisa. Na ukuta si mnyororo. Ukuta unafanana zaidi na kamba ya mkonge kama zile za Tanga, iliyosokotwa kwa nyuzi nyingi. Uzi mmoja ukikatika, nyuzi za jirani hupokea mzigo wake. Mtakwimu Mwingereza, Henry Daniels, aliipigia hesabu hali hiyo mwaka 1945. Ndiyo sababu nyumba nyingi za chini, zilizojengwa kwa matofali ya kawaida, zimesimama miaka mingi: mzigo wake ni mdogo, na matofali yanasaidiana kama majirani wanavyosaidiana msibani.

Lakini ujirani una kikomo chake. Mzigo ukiwa mdogo, jirani hupokea na kustahimili. Mzigo ukiwa umekaribia uwezo, jirani akipokea naye hushindwa, akamwachia wa tatu, na wa tatu wa nne. Hapo kushindwa husafiri kwa kasi, na jengo lililosimama asubuhi huwa kifusi kabla ya mchana. Tofali dhaifu lilikuwamo siku zote. Lililobadilika ni akiba ya nguvu iliyobaki kwa majirani zake.

Tunapopandisha ghorofa

Hapa ndipo ninapoomba usikivu wenu zaidi, maana Segerea, kama Tabata, Kinyerezi na Kimanga, inabadilika. Viwanja vimepungua, familia zimekua, na mwenye nyumba ya chini anatamani kuipandisha ili apate vyumba vya kupangisha. Tamaa hiyo ni halali. Ila wengi huihesabu hivi: nyumba imebeba paa miaka 20 bila ufa, basi ghorofa moja haitaishinda.

Kanuni ya Weibull hupinga hesabu hiyo kwa njia mbili. Kwanza, mzigo ukiongezeka, hatari haiongezeki kwa kiasi kilekile, bali hupaa. Tuchukue vitu ambavyo namba yake ya ulinganifu ni 10. Hatari ya kuvunjika ikiwa bado ndogo, ukiongeza mzigo kwa sehemu moja ya tano tu, hatari huongezeka mara 6. Ukiuzidisha mzigo mara mbili, hatari huongezeka mara 1,000 na zaidi. Jambo lililokuwa na nafasi moja katika 100,000 sasa lina nafasi moja katika 100. Namba ya ulinganifu ya kila kifaa hutofautiana, lakini mwelekeo ni ule ule kwa vyote vinavyovunjika ghafla: mzigo hutembea, hatari huruka.

Pili, ukubwa wenyewe ni hatari. Kitu kikubwa kina nafasi nyingi zaidi za kubeba kasoro kubwa, kama uzi mrefu wa Peirce. Kwa namba ileile ya 10, kitu chenye ujazo mara 1,000 ya kile kilichopimwa maabara kina nusu tu ya nguvu yake kwa kila kipande cha eneo. Kwa vitu vilivyotawanyika zaidi, vyenye namba 5, nguvu hushuka hadi robo. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kipande kidogo kilichofaulu ni ushahidi tosha wa jengo kubwa.

Ndiyo maana halmashauri inasisitiza kibali cha ujenzi kwa nyongeza kama inavyosisitiza kwa jengo jipya. Kibali ni hatua inayomlazimisha mtu mwenye ujuzi kukaa chini na kupiga hesabu ya akiba ya nguvu iliyobaki kabla hujaimaliza.

Matofali matatu hayatoshi

Sasa tuje kwenye upimaji. Desturi iliyopo mitaani ni ya kuangusha tofali moja au mawili kutoka kimo cha kifua. Likisalimika, mzigo unapakiwa. Mwingine mwenye bidii zaidi hupeleka matofali 3 maabara, nayo yakifaulu yote, huona amemaliza kazi.

Turudi kwenye rundo letu la asilimia 85, ambalo matofali 15 katika kila 100 hayafai. Ukichukua matofali 3 tu, uwezekano kwamba yote matatu yatafaulu na kukuficha ukweli ni asilimia 61. Mara nyingi zaidi utaambiwa rundo ni zuri. Ukichukua 10, uwezekano huo hushuka hadi asilimia 20. Ukichukua 20, hubaki asilimia 4. Ni hesabu ileile tuliyoitumia kwenye nguzo, imegeuzwa upande. Udhaifu unaojificha kwenye matofali 3 hujitokeza kwenye 20.

Matofali 20 ni gharama kwa mtu mmoja, sikatai. Lakini wakazi wa mtaa mmoja wanaonunua kwa mfyatuaji mmoja wanaweza kuchangia kipimo kimoja na kushirikiana majibu. Tumezoea kuchangishana kwa harusi na kwa misiba, na hata kwa kipimo hiki tunaweza. Maabara za vifaa vya ujenzi zipo hapa jijini, zikiwemo za vyuo vikuu na ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Na majibu yakija, msiridhike na wastani. Ulizeni: lililokuwa dhaifu kuliko yote lilibeba kiasi gani? Na tofauti kati yake na lililokuwa imara kuliko yote ni kubwa kiasi gani?

Kwa zege la nguzo na jamvi wahandisi wamekwisha kuiingiza hekima hii katika utaratibu wao. Tukisema zege la daraja la 25, hatusemi kwamba wastani wake ni 25. Tunasema kwamba vipande visivyofika 25 havizidi 5 katika kila 100. Fundi akilenga 25 yenyewe, karibu nusu ya zege lake litakuwa chini ya kiwango. Kwa hiyo ni lazima alenge juu zaidi, na juu kwa kiasi gani hutegemea mtawanyiko wake. Kwenye eneo la kazi lenye usimamizi hafifu, ambako mkengeuko ni nyutoni 5, lazima alenge wastani wa 33. Kwenye eneo lenye uangalifu, ambako mkengeuko ni 3, wastani wa 30 unatosha. Tofauti hiyo ya 3 hulipwa kwa saruji, nayo saruji hulipwa kwa fedha yako. Uangalifu hupunguza gharama. Mwenye nyumba anayedhani anaokoa fedha kwa kutomlipa msimamizi huilipa fedha hiyohiyo dukani, au huilipa baadaye kwa njia iliyo mbaya zaidi.

Yaliyo mikononi mwetu

Naomba nimalizie na mambo ambayo mkazi wa kawaida anaweza kuyatenda kuanzia kesho. Yote yana lengo moja, nalo ni kupunguza mtawanyiko.

La kwanza ni kipimo cha mchanganyiko. Tofali la milimita 450 kwa 230 kwa 150 lina ujazo wa karibu lita 15 na nusu. Ukifyatua 20 kwa mfuko mmoja wa kilo 50, kila tofali limepata kilo 2 na nusu za saruji. Ukifyatua 40, limepata kilo moja na robo. Kwa macho hutaona tofauti siku ya kununua. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, muulize mfyatuaji anatoa matofali mangapi kwa mfuko, na ikiwezekana simama uone. Vipimo viwe kwa ndoo au boksi lenye ujazo unaojulikana, visiwe kwa koleo, maana koleo la asubuhi fundi akiwa na nguvu si koleo la saa nane mchana.

La pili ni mchanga. Mchanga wa mabondeni, ukiwemo unaochotwa kandokando ya Mto Msimbazi, huweza kuja na udongo mwingi. Tia mchanga nusu ya chupa inayoonyesha ndani, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, kisha iache itulie kwa saa kadhaa. Udongo laini utakaa juu ya mchanga kama tabaka. Tabaka hilo likizidi sehemu moja ya kumi ya kina cha mchanga, mchanga huo usitumike kabla ya kusafishwa. Na rudia kipimo kwa kila lori, kwa kuwa lori la leo si shahidi wa lori la kesho.

La tatu ni maji baada ya kufyatua. Saruji haikauki kama nguo. Hukomaa kwa kunywa maji. Tofali linalomwagiliwa asubuhi na jioni, likiwa limefunikwa na jua, hukomaa lote. Tofali lililoachwa juani hukomaa upande mmoja. Rundo ambalo matofali ya chini yamepata kivuli na ya juu yamepata jua ni rundo la namba ndogo ya ulinganifu, hata kama mchanganyiko ulikuwa mmoja. Vipimo vya nguvu husomwa katika siku ya 28, hivyo tofali la siku 3 lisipandishwe ukutani kwa sababu tu lori limefika.

La nne ni namna ya kuchagua sampuli. Usipime matofali ambayo muuzaji amekuchagulia, wala yale ya juu ya rundo. Chukua juu, katikati na chini, mbele na nyuma, ya wiki hii na ya wiki iliyopita.

La tano ni kukataa. Tofali lenye ufa, lililomeguka kona au linalopukutika ukilisugua kwa kidole lisiwekwe penye mzigo eti kwa sababu ni moja tu. Tumeona kwamba moja ndilo linaloanzisha. Liwekwe pembeni, likatumike kwenye kingo za bustani.

Na la sita, kabla ya kupandisha ghorofa, kuvunja ukuta wa ndani ili kupanua duka, au kuchimba kando ya msingi, fika ofisi ya mtendaji wa kata uelekezwe kwa wataalamu wa halmashauri. Ukiona jirani yako anafanya hivyo bila kibali, usione haya kutoa taarifa. Ukuta wake ukianguka hautauliza mpaka wa kiwanja.

Ndugu zangu, nyumba ya mkazi wa Segerea mara nyingi ni akiba ya maisha yake yote: kiinua mgongo cha mzee, faida ya genge la mama, michango ya watoto walioko mbali. Imejengwa tofali kwa tofali, wakati mwingine kwa miaka 10. Hesabu niliyowaletea leo inadai kila tofali lipewe heshima ileile, kwa kuwa hatujui ni lipi ambalo mzigo utaliuliza swali kwanza.

Sasa niko tayari kwa maswali, na ningependa mafundi waanze.